Plagi Iliyokuwa Mfukoni Mwangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kukaa nasi kwenye vumbi la mbao. Ndugu Mkurugenzi wetu. Majirani zetu, mafundi wa karakana ya ng'ambo ya barabara, ambao leo nina neno nanyi na ninaomba mnivumilie. Mafundi wenzangu wa mbao na wa chuma. Wake na waume za mafundi, ambao ndio wenye haki na vidole hivi tunavyovifanyia mchezo. Na wewe, Mama yetu wa stoo, unayetuaga leo baada ya miaka ishirini na sita: nawasalimu nyote kwa heshima zote.

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa tukiwa wengi na, nikiitazama mikono iliyopiga makofi sasa hivi, tukiwa na vidole karibu vyote.

Ndugu zangu, nimepewa dakika kumi. Lakini hebu tazameni mahali alipokaa Mama. Tumemwekea kiti mbele, tumekitandika kitambaa, tumekipamba maua. Amekikimbia. Ameburuta kigoda mpaka ukutani, kando ya soketi, na mkono wake wa kulia umeshika plagi ya kipaza sauti hiki ninachosemea. Mgeni rasmi, usidhani anaegemea. Ananilinda mimi.

Asubuhi ya leo nilimfuata stoo kupokea ufunguo, maana Mkurugenzi ameamua kwamba stoo ya mashine sasa iwe chini yangu. Nikanyoosha mkono. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Fundi Mkuu, leo utahutubia?"

Nikamwambia, "Nitahutubia, Mama."

"Utasimulia ile hadithi ya yule mjinga wa birika?"

"Mama, watu wanaipenda."

"Basi isimulie na mwenyewe ndani yake. Ukisema tena 'fundi mmoja wa ng'ambo', nachomoa plagi, ubaki unapanua mdomo kama samaki. Na ufunguo nitaondoka nao."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, stoo ya mashine si ya kumwachia mtu anayejificha. Wewe ukijificha, wote watajificha."

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo. Humu ndani Mama ana sheria yake, na ndiyo iliyompa jina la Mama Plagi. Kabla hujagusa meno ya msumeno wa umeme, kabla hujabadilisha jiwe la grinda, kabla hujaingiza kidole kutoa kipande kilichokwama kwenye randa, unachomoa plagi na kuitia kwenye mfuko wako wa kifuani. Hatosheki na kuzima swichi, wala na kumwambia mwenzako asiguse. Plagi ikae kifuani, karibu na moyo, kama barua ya uchumba. Akikukuta umeinamia msumeno na mfuko wako mtupu, siku hiyo unafagia.

Nanyi mafundi mnaijua sheria ya pili, ile mnayomcheka. Kabla ya kuitia plagi mfukoni, unaushika waya kwenye mashine na kuufuata kwa mkono, taratibu, mpaka uifikie plagi yenyewe. Mnasema Mama anapapasa waya kama anayetafuta sindano gizani. Nimewasikia. Wengine mmemwigiza mbele yangu, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nanyi.

Je, mmewahi kujiuliza sheria hiyo ilitoka wapi?

Ni miaka kumi na moja sasa. Tulikuwa na milango ya zahanati, tumechelewa, na msumeno wangu ulikuwa umekwisha makali; unachoma mbao badala ya kukata, moshi unanuka karakana nzima. Nikaamua kubadilisha meno. Nilikuwa fundi mkubwa tayari, mwenye maringo yake. Miwani ya kinga nilikuwa nimeipandisha kwenye paji la uso, maana vumbi lilikuwa linaniheshimu. Kile kifuniko cha kukinga meno nilikuwa nimekiinua na kukifunga kwa kipande cha waya kisinisumbue. Mke wangu, nakuona unavyonitazama. Subiri, bado hatujafika.

Chini ya meza yangu palikuwa na soketi ya kurefusha yenye matundu manne, na nyaya zote nyeusi. Sikuinama. Nilivuta waya mmoja kwa mguu mpaka plagi ikachomoka, nikaiokota, nikaitia kifuani, nikaipigapiga hivi, pa pa, ili Mama aione kutoka dirishani kwake. Nikashika spana kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, vidole vyote vitano, nikauweka juu ya meno.

Wakati huohuo Mama akaenda kumimina maji ya chai. Birika lake la umeme limepoa. Akapaza sauti: "Nani amechomoa birika langu?"

Akaushika waya wa birika, akaanza kuufuata. Ukapita ukingo wa dirisha, ukashuka ukutani, ukaingia chini ya meza yangu, ukatokea upande wa pili, ukapanda kwenye goti langu. Ukaishia kifuani kwangu.

Nami nikamwambia kwa dharau, "Mama, nipishe kidogo, nina kazi ya hatari hapa."

Alitembea, hakukimbia, mpaka kwenye swichi kuu, akaishusha. Karakana nzima ikanyamaza. Kisha akarudi, akauchukua mkono wangu kutoka kwenye meno kama unavyomtoa mtoto mkono kwenye sufuria, akauweka kwenye waya wa msumeno. Akasema, "Haya. Fuata."

Nikafuata. Ndugu zangu, sijawahi kwenda safari ndefu kama ile. Waya ule hauzidi mita tatu, lakini nilipofika mwisho wake nilikuwa nimezeeka. Ulikuwa ndani ya soketi. Msumeno ulikuwa hai muda wote, na swichi yake ilikuwa nusu shibiri kutoka kwenye kiwiko changu.

Nilikaa chini kwenye maranda. Nilisali. Nikamwomba Mama asimwambie mtu. Akasema, "Sitasema. Utasema wewe." Kisha akaniletea chai ya birika lilelile.

Nami nikasema, kweli. Nimekuwa nikisema miaka kumi na moja, kila tunapopokea mafundi wapya. Nimesema, "Kulikuwa na fundi mmoja wa karakana ya ng'ambo." Majirani zetu, hapo ndipo neno langu kwenu lilipo. Najua msimamizi wenu amewahoji watu wake mmoja mmoja kumtafuta mjinga huyo. Najua kuna mzee wenu mmoja mpole ambaye, kwa sababu anapenda sana chai, ameshukiwa bila kosa. Mzee wangu, simama nikuombe radhi mbele ya watu. Mjinga wa birika ni mimi.

Chekeni. Chekeni, nimestahili. Na wewe mke wangu, uliyewahi kusema mjinga yule angekuwa mumeo ungemvika plagi shingoni, tutazungumza nyumbani.

Sasa naomba kicheko kipungue, maana sikuja kujianika bure. Mwezi uliopita tulikuta grinda yetu kubwa ina waya uliokatika, na mtu ameuviringisha utepe mweusi, akairudisha stoo kimya kimya. Mama aliishika asubuhi, sakafu ikiwa imelowa maji, akaufuata waya kabla ya kuichomeka. Utepe ulikuwa umeachia. Kama asingekuwa mtu wa kufuata waya, leo tungekuwa na mkusanyiko mwingine, na nisingekuwa na mzaha mdomoni. Tulipouliza ni nani, hakuna aliyefungua mdomo. Nilikasirika sana siku ile, nikapiga meza. Mama akanitazama tu, na nikaelewa. Aliyeuviringisha utepe ule aliona haya kusema amekosea. Nani alimfundisha haya hiyo, kama si mimi na fundi wangu wa ng'ambo?

Simtafuti mtu leo. Nasema tu kwamba kuanzia sasa, anayeharibu na akasema, hatafagia. Atanywa chai na mimi. Na kama...

Naam? Nani ameinua mkono kule nyuma? Simama, hatukuoni. Ah! Utepe ule ni wako, Bwana Randa? Wewe uliyepiga meza pamoja nami siku ile, tena kwa nguvu kunishinda?

Jamani, msimzomee. Mpigieni makofi. Haya, mzomeeni kidogo, kisha makofi.

Mama, umeona. Tumekununulia zawadi, na kila mtu ameshakisia ni nini: birika jipya la umeme. Waya wake ni mweupe, nami nimeufunga utepe mwekundu kwenye plagi ili asitokee mwingine wa kuitia mfukoni. Mola akupe mapumziko mema, akulipie kila kidole ulichokiokoa. Vyangu pekee ni vitano.

Mnanisikia bado kule nyuma? Sauti inatoka? Basi nimesamehewa, maana naona ameiachia plagi na anafungua pindo la kanga.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu. Vidole vyenu, rudini navyo nyumbani vyote kumi. Asanteni sana.