Siku Kanisa la Tuwan Lilipojaza Fomu Yangu

Bwana asifiwe! Asifiwe mbele, asifiwe nyuma, asifiwe hata na nyinyi mlioketi karibu na mlango mkiomba nisizidishe dakika. Nitajaribu.

Wengi wenu hapa Bungoma mnanijua kama Daktari Wairimu, yule mfupi wa hospitalini anayetembea kama anafukuzwa. Kwetu ni Kitale, mtaa wa Tuwan, na mama yangu huuza mboga sokoni. Ndugu zangu, nimesimama kuwaambia vile Mungu aliniokoa kutoka mikononi mwa mtu mmoja mbaya. Mtu huyo ni mimi.

Tangu nimalize chuo nilitaka kitu kimoja tu, kuwa daktari wa upasuaji. Nilitaka kumfungua mtu aliyekunja uso kwa maumivu, nitoe kile kibaya, nimshone, kesho yake nimkute akiitisha uji. Lakini huwezi kuamka tu ukajiita hivyo. Unaomba nafasi katika hospitali inayofundisha, na ukikubaliwa unakaa huko miaka mitano ukipasua chini ya macho ya wakubwa. Waombaji ni wengi kama kumbikumbi baada ya mvua, nafasi ni za kuhesabu kwa vidole.

Niliomba katika hospitali moja ya misheni. Nikaitwa kwa mahojiano, wakaniuliza, "Udhaifu wako ni upi?" Nikajibu kwa maringo kwamba mimi hufanya kazi kupita kiasi. Barua ikaja: hapana. Mwaka uliofuata wakaniuliza swali lile lile. Nikasema bado sijauona udhaifu wangu. Barua ikaja tena: hapana, na hiyo ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Je, nilimwambia mama? Thubutu! Nilimwambia majibu hayajafika, tuzidi kungoja. Mama wa watu akaanza kufunga kila Jumatano ili barua ije. Anapikia wengine githeri ya mahindi na maharagwe, yeye hali. Na mimi Jumatano hizo hizo nilikuwa hapa mjini nakula chapati bila wasiwasi wowote.

Halafu hasira! Sista Nekesa, muuguzi mwenzangu, yule pale wa kilemba cha kijani anacheka, kwa sababu anajua. Siku moja tulikuwa tunamalizia kumpasua mama mmoja kwa dharura, kazi ambayo hata sisi madaktari wa kawaida huifanya. Kabla ya kufunga tumbo, sista huhesabu vile vitambaa vya kupangusia damu, kisije kikabaki hata kimoja ndani ya mtu. Akahesabu, kimoja hakipo. Nikamwambia arudie. Akarudia, hakipo. Nilitupa mkasi chini nikamwambia hajui hesabu. Yeye akanitazama tu, akasema, "Daktari, hata ukasirike namna gani, huyu mama hatumfungi hivi."

Tukatafuta. Kilikuwa ndani, nyuma ya utumbo. Yule mama alipona akaenda nyumbani kwake. Mimi sikusema pole, sikusema asante. Nilitoka nimenuna, ati nimeaibishwa mbele ya watu!

Ikafika mara ya tatu, na hospitali ile haikubali mtu aombe mara ya nne. Fomu ya mwaka huo ilikuwa na ukurasa wa kujazwa na mchungaji wa mwombaji. Kwa haraka zangu sikutoa ule ukurasa peke yake, nilimwachia Mchungaji Wafula wa kanisa letu la Tuwan fomu nzima. Nikamwambia nitakuja kuichukua Jumapili, maana Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kuituma. Juu ya ule ukurasa wake ilikuwa imeandikwa wazi kabisa kwamba majibu ni ya siri.

Sasa mnajua desturi yetu ya kutangaza ndoa. Majina yanasomwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi anasema. Jumapili hiyo mchungaji akamaliza kutangaza ndoa ya kijana mmoja kutoka Naitiri, akageuza karatasi, akavaa miwani vizuri. Akasema, "Haya, na hapa tuna fomu ya binti yetu Wairimu. Wanataka niwaambie yeye ni mtu wa namna gani. Mimi nimehamia hapa juzi tu. Nikiandika peke yangu nitadanganya. Nyinyi ndio mmemlea, si tusaidiane?"

Mungu wangu! Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Hakuniona, ama hakutaka kuniona.

Akaanza na uwezo wangu. Watu wakanisifu: ana bidii, ana akili, hata alimtibu nyanya ya fulani. Nikaanza kuketi vizuri. Kisha akasoma, "Mwombaji ana udhaifu gani?"

Mama Njeri, jirani yetu wa sokoni, akasema taratibu, "Hasira, Mchungaji."

"Hasira, andika hiyo," benchi lote la akina mama likaitikia.

Mzee mmoja akaongeza kwamba tangu niwe daktari sisalimii watu. Kaka yangu Kariuki, tena akiwa amevaa kanzu ya kwaya, akasema, "Ukimshinda drafti, anapindua bodi!" Kanisa likacheka mpaka watoto wakaamka. Mchungaji hakuacha hata moja. Aliwaomba wapunguze mwendo ili aandike vizuri.

Akafika swali la mwisho la fomu, lile nililokuwa nimejijazia mwenyewe: kama nimewahi kuomba hapo nyuma. Akalisoma kwa sauti. Ameomba mara mbili, na mara zote mbili amekataliwa.

Kicheko kikakatika. Mama yangu akasimama. "Mara mbili? Wairimu, kumbe barua zilikuja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa mimi nilikuwa nafungia nini? Mungu alikuwa anajibu, ni wewe ulikuwa unaficha majibu!"

Ndugu zangu, nimefanya mitihani mingi maishani, lakini sijawahi kupata swali gumu kama hilo. Niliona aibu, aibu ya kutamani sakafu ifunguke. Miguu ikanipeleka mbele yenyewe. Nikalia, nikasema yote: zile barua mbili, zile Jumatano, na vile nilivyomfokea Sista Nekesa aliyekuwa ameokoa maisha ya mgonjwa, na jina langu pia. Nilidhani watanizomea. Mama akaja, akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake, akamgeukia mchungaji. "Andika pia kwamba amekubali."

Basi kanisa zima likasimama likaniombea. Haleluya! Mzigo wa miaka miwili ulinitoka pale pale, nikiwa nimesimama kati ya watu waliotoka kunitaja mmoja mmoja kwa makosa yangu. Mchana ule nilikula githeri sahani mbili.

Jumatatu nilirudi Bungoma asubuhi. Kabla ya kwenda posta nilimtafuta Sista Nekesa kazini nikamwomba msamaha. Akasema, "Daktari, msamaha wako niliuweka tayari kitambo. Ni vile tu hukuja kuuchukua." Nikaenda posta nikatuma fomu nikiwa na amani, ingawa sikuwa na tumaini. Nani atamchukua mtu ambaye kanisa lake limeandika ana hasira?

Nikaitwa! Walikuwa madaktari watatu, na aliyekuwa katikati ni mzee wa nywele nyeupe. Akasoma ukurasa wa Mchungaji Wafula kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwa bodi ya drafti. Wenzake walishindwa kujizuia, wakacheka, na yeye pia. Akaniuliza, "Haya ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli, na kuna mengine walisahau."

Akasema kwamba kwa miaka yote aliyosoma fomu hizi, waombaji wote wana udhaifu mmoja, wa kufanya kazi kupita kiasi. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza: uko kwa upasuaji, umechoka, sista anasema kitambaa kimoja hakipo, wewe una hakika kimetoka. Utafanya nini? Nikamwambia, "Nitasimama nitafute. Swali hilo lilinishinda mara moja, na sista ndiye aliyenisahihisha." Nikamhadithia yote bila kujipaka rangi. Akaandika kitu, sikuona ni nini.

Barua ilipofika sikuifungua. Niliipeleka Tuwan hivyo hivyo nikampa mama mkononi, na mama akampa mchungaji aisome kwa kuwa ilikuwa ya Kizungu. Mchungaji akasema nimekubaliwa. Mama hakuruka. Alisema, "Hebu soma mpaka chini kabisa, huyu bado namchunguza." Ikasomwa mpaka sahihi. Hapo ndipo alipopiga vigelegele, majirani wakaja wakikimbia wakidhani kuna nyoka!

Wiki ijayo naondoka kwenda kuanza miaka yangu mitano. Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi wa Bungoma mlionivumilia nilipokuwa sivumiliki. Mama naye bado anafunga Jumatano, ila sasa ombi ni bwana harusi, na hilo nimewaachia yeye na Mungu wake.

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, pengine umeomba jambo, jibu likaja, halikukupendeza, ukalificha. Usilale nalo. Mtafute mtu mmoja leo umwambie. Mimi niliogopa kwamba wakinijua hawatanipenda tena. Walinijua wote, kwa sauti, asubuhi moja, na hiyo ndiyo siku waliyoniombea kwa moyo kuliko siku zote. Mtegemee Mungu aliye na watu wa namna hiyo. Sista Nekesa, njoo hapa mbele uchukue maikrofoni. Kama kuna kosa langu nimeliruka, waambie, nimesimama.