Ketoni Bado Hajapita

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye kiti chako tumekitandikia kitambaa, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliosimama juani: habari za mchana. Naona hata leo tumejua nani atangulie kutajwa. Kwa hilo shule yetu haijawahi kukosea.

Tunamuaga mwalimu wetu wa kemia, Babu Asidi. Nimefundisha naye maabara moja, tukigombania bomba moja linalotoa maji likijisikia. Nani hapa hakuimbishwa naye vyeo vya makundi ya atomi? Molekuli moja ikibeba makundi kadhaa, lenye cheo cha juu ndilo linalofunga jina la molekuli hiyo. Mengine, hata yakinuna, yanatajwa mwanzoni tu. Wanafunzi walisahau, wakakumbushwa, wakasahau tena. Basi akawavisha kadi shingoni, wakapanga foleni: asidi mbele, kisha esta, amaidi, aldehaidi, ketoni, alkoholi, na amini mkiani.

Siku hiyo Mheshimiwa Mwenyekiti alitutembelea, akapewa kadi ya alkoholi. Akaenda moja kwa moja mbele, kama ilivyo desturi yake njema. Binti mmoja wa kidato cha tatu akamwambia, "Shikamoo, mzee. Naomba urudi nyuma, ketoni bado hajapita." Lo! Tulicheka hadi miwani ya Babu ikaanguka. Mheshimiwa hakucheka, lakini tumpongeze, ana kumbukumbu nzuri: muhula haujaisha, Bodi ikaamua kwamba Babu akistaafu, maabara igeuzwe sebule ya wageni wa heshima. Tunaambiwa makochi ni ya ngozi. Hongereni sana.

Hivi kidato cha nne watafanyia wapi mtihani wa vitendo? Wamwage asidi kwenye zulia? Jambo hili linaniuma, na sitajifanya haliniumi eti kwa sababu nimewekewa soda mezani.

Babu, ulitufundisha kwamba ukiiondoa asidi kwenye molekuli, jina la zamani halifai tena. Kundi linalofuata kwa cheo ndilo litakalofunga jina. Mheshimiwa, pale getini pameandikwa Shule ya Sekondari ya Sayansi. Siku mafundi wakija kung'oa meza za maabara, tafadhali waje na rangi, waanzie getini, wafute, waandike Sebule. Angalau wazazi wajue watoto wao wanawapeleka wapi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wale mlioacha kusikiliza nilipofika kwenye makochi, asanteni kwa kukaa.