Isale kwa Barua Pepe

Benchi letu liko Shirimatunda, mbele ya banda la gemu la Calvin. Ukiwa na jambo unalolijua vizuri usilete hapa, maana utaondoka ukilijua nusu. Juzi asubuhi tulikuta banda limefungwa, Calvin ameinamia kikombe cha kahawa kama amefiwa. Gemu zake zote kumi na moja alizinunua kwenye duka moja la mtandaoni. Duka hilo limemfungia akaunti kwa barua pepe isiyotaja sababu, na gemu zote zimekwenda na akaunti. Zimebaki wiki mbili watoto wa Dar wapande huku kwa Krismasi, na banda lake huishi kwa siku hizo tu. Nilimwonea huruma kwa kweli, ila huruma ya kijiweni ina kelele.

Wa kwanza alikuwa Filbert. Tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi baraza la kata.

— Risiti unayo?

— Ninayo, Wakili.

— Basi gemu ni zako. Twende dukani tukazibebe.

— Duka liko mtandaoni.

— Upande gani? Barabara ya Arusha au ya Dar?

Gidioni akameza kashata haraka. Huyu ni Satelaiti. Alifunga dishi mara moja maishani, na mpaka leo halijashika chaneli.

— Kosa lako Calvin, uliweka zote zizi moja. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi, nyumbani wakalala wawili. Waliobaki kawaweka kwa watu, mmoja mmoja. Gonjwa likiingia, hapotezi wote. Wewe gemu ya mpira ungeilaza Kwa Sadala, ya magari Mabogini...

— Mabogini kwenye majaruba ya mpunga? akadakia Wakili. Si magari yatanasa!

— Jamani, Calvin akasema, ningekuwa na diski ningezifungia kabatini. Duka life lisife, mimi nacheza. Lakini mashine yangu haina hata tundu la diski.

— Sasa ulinunuaje mashine isiyo na mdomo? Satelaiti akauliza.

— Waliniambia ndiyo ya kisasa.

— Ndiyo maana wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete.

Hakuna aliyeuliza pete imeingiaje.

— Dawa ni isale, akasema Wakili.

Hapo wote tukamgeukia. Huku kwetu ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, hana ujanja, atasamehe, hata kama mligombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo.

— Litafikaje huko? Calvin akauliza.

— Piga picha, tuma.

— Picha ya isale si isale, Wakili.

— Na gemu ya mtandaoni si gemu! Picha kwa picha, ngoma droo.

— Na wasipolijua jani?

— Andika chini yake: hili ni isale, mkishaliona hamwezi kukataa.

Satelaiti akakata jani kwenye uzio wa jirani, akalipiga fundo. Calvin akalishika kwa mikono miwili, kichwa chini. Picha nilipiga mimi, nakiri. Akaandika, "Naombeni msamaha," akatuma. Simu ikalia papo hapo: "Ombi lako limepokelewa. Usijibu ujumbe huu."

— Wamepokea! Wakili akaruka, kahawa ikamwagikia suruali. Isale likishapokelewa kesi imekwisha!

Tulikuwa bado tunapongezana alipofika Mama Justina na mzigo wake wa majani ya ng'ombe kichwani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Naona isale. Nani kakosana na nani?

— Calvin na duka la gemu, mama, nikamjibu. Limemfungia kila kitu alichonunua. Ameshaomba msamaha.

— Amefanya vizuri. Kwani amewakosea nini?

Wakili akaanza kufuta kahawa kwenye suruali. Satelaiti akageukia barabara. Calvin akaichukua simu, akaisoma barua ya duka kutoka juu mpaka chini, kisha akaanza tena juu.