Insha Elfu Sita za Mama Makosa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kufundisha na kutafiti, mwenzetu wa chumba namba 14, mhadhiri mwandamizi wa isimu ya Kiingereza, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wanafunzi humwita Mama Makosa, naye huitika. Jina hilo alilipata kihalali, maana kazi ya maisha yake imekuwa kukusanya makosa ya watu wanaojifunza Kiingereza ukubwani, kuyahesabu, na kueleza yanatoka wapi.

Alianza kama mkufunzi wa madarasa ya jioni, akiwafundisha wauguzi, madereva na makarani. Huko ndiko alikogundua kwamba vitabu tulivyokuwa tukitegemea viliandikwa na watu ambao hawajapata kusahihisha daftari la mjifunzaji hata siku moja. Akaanza kuweka nakala za insha. Leo kabati lake la chuma lina insha elfu sita na ushee, na kitabu cha mazoezi kilichotokana nazo kinatumika katika vyuo tisa.

Hana dogo huyu mama, lazima isemwe. Aliwahi kulibandua tangazo la mkuu wa chuo kuhusu vyoo vya ghorofa ya pili, akalisahihisha kwa wino mwekundu na kulirudisha ubaoni likiwa na alama zake: tisa kwa ishirini. Mkuu hakucheka. Sisi tulicheka wiki nzima. Mumewe, fundi saa, anasema hata barua zake za uchumba zilirudi zimesahihishwa, ila kwa kuwa posa ilikubaliwa, halalamiki.

Ningependa kuishia hapo. Ukurasa huu ni wa kupongezana na kutaniana, na mhariri alinipa nafasi kwa ajili hiyo. Lakini wiki mbili zilizopita Mama Makosa aliingia ofisini kwangu bila hodi, akasema kwamba nikiandika habari zake nikamruka yule binti, nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine. Alisema hilo tu, akatoka.

Haya, ni hivi. Katika utafiti wake kila insha ilisomwa na watu wawili. Kila mmoja alisoma kivyake, akajaza kadi: makosa mangapi, na ya aina gani. Kisha kadi mbili zililinganishwa. Sharti lilikuwa kutojali habari iliyomo, kwa sababu msomaji akishaguswa na habari huanza kusamehe makosa. Sharti hilo alilitunga mwenyewe, na sote tuliliona la akili sana.

Katika mwaka wake wa tisa, darasa la mwaka wa kwanza lilipewa mada ya “Nyumbani Kwetu”. Binti mmoja wa miaka kumi na tisa, mkimya, aliyezoea kukaa karibu na mlango, aliandika ukurasa mmoja na nusu. Alieleza kwamba anaishi kwa shangazi yake, kwamba mume wa shangazi humjia chumbani, na kwamba yeye husukuma meza ili kuzuia mlango. Alieleza pia kuwa bwana huyo ameapa kumuua akimwambia mtu, na kwamba yeye anaamini atafanya hivyo. Mama Makosa aliona makosa kumi na moja. Alimpa kumi na sita kwa ishirini, akaandika chini: kazi nzuri, angalia nyakati za vitenzi.

Siku nane baadaye binti alikutwa amekufa katika nyumba ile. Mume wa shangazi alifungwa. Insha ilikuwa ndani ya mkoba wa binti, imekunjwa mara nne. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeambiwa. Pengine alichagua kuyasema katika insha ya Kiingereza kwa sababu nyumbani kule hakuna aliyeweza kukisoma.

Kamati ya nidhamu ya chuo ilikaa, ikamuuliza kama aliisoma insha ile. Alijibu kwamba aliisoma yote, tena mara mbili, na hakusikia hata neno moja. Hakujitetea. Alipewa onyo la maandishi, na uprofesa uliokuwa mezani ukaondolewa, haukurudi tena. Mama mzazi wa binti alipokuja kuchukua vitu vya mwanawe, aliomba kumwona mwalimu huyo. Walikaa chumba namba 14 saa nzima, mlango umefungwa. Walichosemezana hajakisema hadi leo, nasi hatukuwa na uso wa kuuliza.

Kisha akarudi darasani, akalifuta sharti lake. Tangu mwaka ule, insha yoyote katika idara hii husomwa kwanza mikono mitupu, bila kalamu, na msomaji hujiuliza ameambiwa nini. Kwa njia hiyo wanafunzi saba wametolewa katika nyumba za hatari. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na hutaikuta katika jarida lolote.

Sasa la kwangu. Kamati ilimuuliza pia kama kulikuwa na msomaji wa pili. Akasema insha ile aliisoma peke yake. Haikuwa kweli. Msomaji wa pili nilikuwa mimi, mhadhiri msaidizi wa miezi mitano, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mimi nami nilihesabu kumi na moja, na Mungu anisamehe, nilifurahi kadi zetu zilipolingana. Aliichana kadi yangu mbele ya macho yangu kabla kamati haijakaa. Hakuniambia kitu, wala sikumuuliza. Nimepandishwa cheo mara tatu nikiwa kimya kama maji ya mtungi, huku nikimpisha kwenye ngazi kwa heshima zote. Naona aibu, jamani, na aibu yangu haijamsaidia mtu.

Bodi imeniteua kuwa mkuu wa idara kuanzia tarehe mosi Julai. Jana asubuhi nilimpelekea mkuu wa chuo barua yenye maelezo haya yote, nikaomba shauri lile lifunguliwe upya. Hicho cheo wataamua wenyewe. Mhariri ameniuliza mara mbili kama nina hakika.

Mama Makosa, asante kwa kila daftari. Ukapumzike na fundi saa wako, uyasahihishe magazeti upendavyo, na Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Katika faili la binti yule pamekuwa na jina moja la msomaji kwa miaka ishirini na miwili. Kuanzia leo yamo mawili.