Shangazi wa Ndoo Aaga Chumba cha Vifaa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha vifaa anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu. Jina lake la kwenye barua wengi tumelisahau. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Shangazi. Wauzaji wa vifaa humwita Shangazi wa Ndoo, wakishahakikisha hayupo karibu.

Ndoo yenyewe ipo nyuma ya karakana, imejaa tope. Kazi yetu ni kuhesabu vyura na viumbe wengine wa kinamasini, na kila kifaa cha kurekodia takwimu hizo za uwandani, hata kisifiwe vipi, lazima kizamishwe humo, kiangushwe sakafuni, kisha kianikwe juu ya boneti ya gari. Kikiwaka, mazungumzo yanaanza. Kisipowaka, muuzaji hupewa chai na kusindikizwa. Yule aliyekuja na suti nyeupe tunamsimulia hadi leo.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Kuna mwaka alituchagulia vifaa vigumu kama mawe: havikuvunjika, havikuingia maji, na juani havikusomeka hata herufi moja! Wiki nzima sisi wahesabu vyura tulifanya kazi tumejifunika mablanketi, utadhani tunajifukiza. Shangazi aliposikia alicheka hadi machozi, akaomba radhi, kisha akaweka sharti jipya: hakinunuliwi kitu mpaka mhesabuji mwenyewe asimame nacho uani saa sita mchana, mikono imelowa, aone kama kinamtii.

Kifaa kilichofaulu yote hayo ndicho tulichokuwa nacho masika ya mwaka juzi. Halmashauri ilitaka kukifukia kinamasi tunachohesabia, na ushahidi pekee wa viumbe waliomo ulikuwa hesabu yetu ya msimu ule. Mtandao haufiki kule, kwa hiyo hesabu yote ilikuwa ndani ya kifaa kimoja. Siku ya mwisho mtumbwi ukapinduka, kikazama. Kilipoopolewa kesho yake kilikuwa donge la tope. Jamani, tulikata tamaa! Tulipokirudisha karakanani, Shangazi akakisuuza bombani taratibu, akakifuta, akabonyeza kitufe. Kikawaka, na vyura wetu wote wamo. Akaketi sakafuni akalia kwa furaha, nasi tukalia naye. Hesabu ile ikasomwa kikaoni, na kinamasi kikaachwa.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akakataa na seti ya vikombe. Anataka kupelekwa kinamasini. Ndipo tulipogutuka: miaka yote hiyo hajawahi kukiona. Kila msafara ulipoondoka, nafasi yake garini ilichukuliwa na mhesabuji au sanduku la vifaa, naye akabaki getini akitupungia mkono. Tumeona haya, kusema kweli.

Shangazi, ahsante kwa kila kitu. Tunakuombea afya tele, usingizi mtamu na siku zisizo na wauzaji. Jumamosi hii kiti cha mbele ni chako. Vyura wapo, Shangazi. Utawasikia kabla gari halijasimama.