Michungwa Mitatu ya Karani

Benchi la nje ya kibanda cha fundi redio lina miguu minne, mmoja wa tofali. Asubuhi hiyo ya kiangazi Karani mstaafu alilikalia na kikombe cha kahawa mkononi, hanywi. Kesho saa mbili mwenye shoka angekuja kukata michungwa yake mitatu, aliyoipanda marehemu mkewe. Utitiri, vijidudu vidogo kama punje ya vumbi, ulikuwa umeifyonza hadi majani yamekuwa rangi ya kutu. Roho ilimuuma.

— Joto hilo, alisema Fundi Redio. Mvua ikipiga, utitiri unaoshwa. Jua likiwaka, mayai yanaanguliwa siku mbili tatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo mgeni nani? aliuliza Kinyozi, aliyeketi kando yake.

— Jua.

— Na aliyepona?

— Utitiri.

— Mie nasema vumbi. Lori likipita, utitiri unadandia, unashuka kwa Karani. Una vituo vyake.

— Acheni utoto, alisema Mjuaji, ambaye hakuna jambo lisilomhusu. Utitiri una kalenda. Unajua kiangazi kabla ya redio zako hizo. Asiyefunzwa na mamaye…

— Mama wa utitiri umemjulia wapi wewe? aliuliza Kinyozi.

Karani alicheka kidogo, kwa adabu tu.

— Nimehangaika, jamani. Kila Jumamosi napuliza dawa, ile kali inayoua kila kinachotambaa. Nikizidisha, na wenyewe unazidi.

— Pole, ndugu yangu, alisema Fundi Redio.

Mama mmoja aliyeleta redio yake kutengenezwa alikuwa amesimama pembeni, anasubiri.

— Samahanini, baba zangu. Mchungwa ule wa ukutani mwa shule, jua ni hilihili, vumbi ni hilihili, na dawa haujawahi kuionja. Mbona mzima?

Fundi Redio alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mjuaji. Mjuaji akatazama ndani ya kikombe chake.

Karani alikumbuka vile vidudu vyekundu vya madoa meusi. Mkewe alikuwa akimkataza mjukuu kuvifinya: viache, baba, vinakula utitiri. Na yeye kila Jumapili alivikuta vimejaa chini ya miti, vimekufa, akafurahi kwamba dawa inafanya kazi.

— Nilikuwa navifagia, alisema. Kwa ufagio wa marehemu mwenyewe.

Karani alinyanyuka, akauliza nyumba ya mwenye shoka iko mtaa gani, akamwambie asije kesho. Safari hii Mjuaji alijua kweli, akamshika mkono wakaenda.