Dada Yetu, Mwalimu wa Viziwi, na Mkono Uliofungwa

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha saruji. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu baba yetu, fundi mitambo, na mama yetu, aliyekuwa mkunga wa zahanati ya kiwanda. Mama anasema siku hiyo mitambo ilisimama kwa hitilafu, na mji ukawa kimya hata watu wakatoka nje kuulizana kuna nini. Siku zilizofuata kelele zilirudi, na ndani yake ndimo alimokulia. Nyumbani kwetu ilibidi kupaza sauti hata kuombana chumvi. Yeye peke yake hakupiga kelele. Alikushika bega, akakutazama usoni, ndipo akasema alilotaka kusema.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, alikohitimu mwaka 1989. Mwaka 1992 alimaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya msingi ya kawaida. Huko alikabidhiwa darasa lenye mtoto mmoja ambaye walimu wote walimwita mkaidi. Asubuhi moja upepo ulibamiza mlango, darasa zima likaruka, yule mtoto akaendelea kuchora. Marehemu alimaliza muhula, akaomba ruhusa ya masomo. Kati ya mwaka 1996 na 1997 alichukua stashahada ya elimu ya watoto viziwi.

Tarehe 12 Januari 1998 aliripoti katika shule ya viziwi ambayo hakuihama tena. Viziwi hawamwiti mtu kwa herufi za jina lake, humpa ishara. Yeye walimpa ishara ya mtu anayekunja mkono wa blauzi, kwa sababu hakuanza somo kabla ya kukunja. Alifundisha madarasa ya chini, watoto wanaofika shuleni wakiwa hawana lugha yoyote, hata ya kusema kichwa kinauma. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu. Mtoto akiongea kizembe, vidole vimelegea, alimrudisha: "Sema vizuri. Una mengi ya kusema, usiyasage."

Mumewe, seremala, alikuja shuleni mwaka 2000 kutengeneza madawati. Ni kiziwi tangu utotoni. Marehemu alimsalimia kwa alama alizofundishwa chuoni, naye akaweka randa chini, akacheka mpaka akakaa. "Unaongea kama mtangazaji wa habari," alimwambia. Tangu siku hiyo madawati yaliharibika mara kwa mara bila maelezo. Marehemu alipopeleka nyumbani habari za uchumba, baba yetu aliuliza swali ambalo bado tunalicheka: "Sasa mtakuwa mnagombana vipi?" Marehemu akamjibu, "Baba, hilo ndilo rahisi kuliko yote. Nikichoka kumsikiliza, nafumba macho." Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 2001. Mwaka 2003 walijaliwa binti wao wa pekee. Shemeji yetu alisoma kidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo maandishi hayakuwa kimbilio lake. Mazungumzo yao yote yalipita mikononi.

Mwezi Mei 2018 aliona kivimbe kwenye titi la kulia. Tarehe 3 Julai alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Oktoba na Novemba alipata mionzi. Saratani ikaondoka, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mionzi iliyoichoma saratani iliacha kovu ndani ya kwapa, na kovu hilo likaziba vijia vyembamba vinavyorudisha maji ya mwili kutoka mkononi. Mwishoni mwa mwaka 2019 kifungo cha mkono wa blauzi kilikataa kufunga. Baada ya miezi michache mkono wa kulia ulikuwa umejaa kuanzia begani hadi vidoleni, mzito, ngozi imevutika. Mshonaji wake akaanza kumshonea blauzi zenye upande mmoja mpana kama joho.

Alirudi darasani hivyo hivyo. Kwa kuwa hakuweza kuinua mkono juu ya kifua, alama zote za kichwani alizishusha, na watoto wadogo, ambao walikuwa wakijifunza lugha kutoka kwake, wakazishusha pia. Alama ya kufikiri huwekwa kwenye paji la uso. Mwalimu mpya alipofika alikuta darasa zima linafikiri kwa kifua. Alidhani ni mtindo wa shule, naye akafuata, mpaka siku ya mkutano wa wazazi viziwi, walipomwuliza kama ana maumivu ya bega. Marehemu alicheka pamoja na wengine. Jioni alimwambia mama, "Watoto wa watu nawafundisha ugonjwa wangu." Juni 2020 aliomba likizo. Tangu hapo jambo alilolitaka kuliko yote lilikuwa moja: apate mkono wake, aongee tena.

Madaktari wawili walimwambia atazoea. Februari 2021 alisikia kwamba hospitali ya rufaa inafanya utafiti juu ya uvimbe wa namna hii, akaenda siku hiyo hiyo. Utafiti ulilinganisha njia mbili. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha vile vijia na mishipa ya damu. Kundi la pili lilikandwa na kufungwa bendeji za kubana, usiku na mchana. Kompyuta ndiyo iliyogawa watu. Marehemu aliomba sana apate upasuaji. Akaangukia bendeji.

"Sijakunyima kitu, dada," daktari mtafiti alimwambia. "Hatujui bado ipi ni bora. Tungejua tusingefanya utafiti. Na una haki ya kutoka wakati wowote, hakuna atakayekuuliza."

"Nikitoka, nani atanifunga?"

Nje ya utafiti ule hapakuwa na huduma hiyo, wala bendeji za namna ile.

Bendeji zilifungwa hivi: kila kidole peke yake, kisha kiganja, kisha sifongo, kisha tabaka juu ya tabaka mpaka begani. Mkono ulisimama kama gogo. Masharti yalikuwa kwamba zitolewe wakati wa kuoga tu. Basi kwa ajili ya kupona ili aongee, ilibidi asiongee. Kwa mkono wa kushoto peke yake mumewe alimwelewa nusu nusu, kama unavyomwelewa mtu aliyejaza chakula mdomoni. Midomo yake hakuweza kuisoma, kwa sababu katika ndoa yao marehemu alikuwa hajazoea kufungua mdomo. Waliomba msaada wa binti yao. Kwa wiki kadhaa alimtafsiria baba yake kila alichosema mama, hadi ugomvi wao, akisimama katikati ya wazazi wake.

"Mwambie baba yako sijakataa, nimesema nitafikiri."

"Mama, si umemwona? Anasema umeshafikiri tangu juzi."

"Mwambie aache ubishi."

"Mwambie mwenyewe! Mimi si redio yenu."

Lakini yako mambo ambayo mke hawezi kumwambia mumewe kupitia kwa mtoto. Hofu yake ilikuwa mojawapo. Hapo ndipo wakaanza kuongea bafuni.

Marehemu alikuwa mtu wa kufuata masharti. Kama bendeji zinatoka wakati wa kuoga tu, basi ataongea akiwa anaoga. Nyumba waliyopanga ilikuwa na bafu moja la uani kwa familia nne. Kila jioni aliingia na ndoo ya maji ya moto, mumewe nyuma yake, akafungua bendeji moja moja, na wakaongea mpaka maji yakapoa. Mara moja moja alijimwagia kopo moja, ili isiwe uongo.

Wapangaji walianza kupanga foleni na taulo zao. Jirani wa chumba cha mbele ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Hodi humo! Mnaoga au mnahamia?"

Shemeji hakusikia. Marehemu alisikia, mikono ikiwa hewani, sentensi haijaisha.

"Tunamalizia, mama!"

"Jana pia mlikuwa mnamalizia! Watu wazima hamna hata aibu!"

Alitoka ameinamisha kichwa, amefungwa upya mpaka begani na mumewe, kama alivyofundishwa kliniki, akipita mbele ya watu waliokuwa wakitabasamu. Hakuwaeleza. Angewaeleza nini? Kwamba hawana mahali pengine pa kusemezana?

Vipimo vya kliniki vilionyesha mkono haupungui kama ilivyotarajiwa. Mtaalamu aliyekuwa akimfunga, mtu mpole mwenye vidole vigumu, alirudia kupima, akakagua bendeji, mwisho akauliza, "Mama, huwa unaoga kwa muda gani?"

"Inategemea tuna habari gani."

Akamweleza yote. Mtaalamu alicheka, kisha akaacha. Alijaribu kuviacha vidole wazi na kufunga mkono tu. Baada ya siku chache maji yote yalikimbilia vidoleni, vikajaa kama glavu iliyotiwa maji, visikunjike kabisa. Ikabidi avifunge tena. Hakukuwa na mlango wa tatu: afungwe na awe bubu nyumbani kwake, au afunguliwe na vidole vyenyewe vife ganzi.

Shemeji alitaka atoke. Bafuni, mbele ya ndoo, waligombana waziwazi.

"Toka kwenye utafiti. Wenyewe wamesema unaweza."

"Nikitoka mkono utabaki hivi maisha yangu yote."

"Nitakuelewa hivyo hivyo."

"Wewe, ndiyo. Na watoto darasani?"

Akabaki kwenye utafiti. Alipunguza muda wa bafuni, na majirani wakadhani wamemkomesha. Nyumba ikawa kimya kwa mtu mmoja ambaye siku zote kwake ilikuwa imejaa maneno. Seremala alihamishia kazi zake uani, akawa anapiga randa hadi giza linaingia. Marehemu alikaa mlangoni akimwangalia, na mkono wake wa kulia umelala juu ya mapaja, mweupe kwa bendeji. Kufikia Desemba ulikuwa umepungua kiasi cha kuonekana kwa macho, na mwezi Januari alijaribu blauzi zake za zamani. Mbili zilimwingia.

Machi 2022 alianza kukohoa. Tarehe 11 Aprili picha zilionyesha kwamba saratani imerudi kwenye mapafu na mifupa. Daktari mtafiti alikuja mwenyewe wodini, akakaa kitandani.

"Dada, kanuni zinatutaka tukutoe kwenye utafiti."

"Vipimo vyangu mtavitupa?"

"Hapana. Vitahesabiwa mpaka leo."

"Na zile saa za kuoga?"

"Nazo zitahesabiwa, mtaalamu ameziandika."

Alirudishwa nyumbani bila bendeji, kwa kuwa kifua hakikuruhusu tena mkono kubanwa. Tulifikiri sasa angalau wataongea. Mkono ulijaa upya, haraka kuliko mwanzo, na wa kushoto ukamwishia nguvu. Shemeji alitafuta njia. Alipitisha viganja vyake viwili chini ya mkono ule mzito, akauinua mpaka mbele ya macho yake, na vidole vya marehemu vikaongea vikiwa hapo juu, polepole. Alipotaka kujibu ilibidi aulaze kwanza juu ya mto, ajibu, kisha auinue tena. Binti yao alijitolea kuushika badala yake. Wote wawili walimkatalia kwa kichwa.

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 17 Juni 2022, aliomba ainuliwe mkono. Alisema kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani ana pumzi. Shemeji hakuulaza. Machozi yalimtiririka, na mikono yake ilikuwa imeshika, kwa hiyo hakuweza kuyafuta wala kujibu neno. Alisikiliza tu, mpaka vidole vilipotulia, na marehemu akatutoka. Palikuwa na mstari hapa ulioeleza marehemu alisema nini. Shemeji alitafsiriwa wasifu huu na binti yake kabla haujachapishwa, akaufuta mstari huo.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, wadogo wawili na wanafunzi wengi, ambao baadhi yao leo ni wazazi. Maneno haya yanatafsiriwa kwa alama na mwalimu mwenzake. Tunawaomba mlio mbele msisimame, ili shemeji amwone.

Mungu amfungue, na ampumzishe.